Ndama Aliyeijua Sauti

Kitu cha kwanza alichokiona Nday kilikuwa msalaba mdogo wenye mikono minne iliyolingana, si mkubwa kuliko kifungo cha koti. Ulikuwa umechapwa kwenye ngozi ya ndama wa nguva, mgongoni, chini kidogo ya shingo. Ndama alikuwa ameokotwa asubuhi hiyo kwenye mfereji wa Anderlecht, akaletwa amefungwa blanketi lililoloa. Mgongo ulikuwa umechanika hata mafuta meupe yakaonekana. Kituoni walikofanya kazi, Jeroen alimshika mkia, na Marieke akamwosha vidonda kwa maji ya chumvi.

"Pangaboi," Marieke alinong'ona. "Matishari yanapita mbio sana."

Nday alitikisa kichwa kukubali. Msalaba huo aliujua. Kila Jumapili kabla ya misa aliung'arisha kwa ndimu na chumvi, maana ulikuwa kwenye bizimu la shaba la mkanda wa baba yake.

Nguva walikuwa wameanza kuonekana mferejini miaka michache iliyopita. Mama zao hawakuonekana wakiwa hai. Waliibuka maiti, matumbo nje, wakavutwa kwa kulabu na kupakiwa kwenye lori la takataka. Wenye nyumba walilalamikia harufu, komuni, yaani halmashauri ya mji, ikatoa bohari la zamani la kreti za bia, na humo yatima walilelewa ndani ya bwawa la maji ya vuguvugu. Walinyweshwa maziwa kwa chupa, kisha wakalishwa mboga za chikoni na letusi zilizobaki sokoni. Aliyepona angepelekwa kwa ndege hadi mdomo wa mto Kongo. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amepona.

Sheria ya kituo ilikuwa moja: usiseme karibu na ndama. Ndama aliyezoea sauti ya mtu humfuata mtu, na mtu ana mashua na panga. Marieke, aliyekuwa sista Kolwezi nusu ya maisha yake, alimpenda Nday kwa sababu hiyo. Msichana huyu aliishia darasa la nne huko Likasi, mwaka ambao watu walisema mama yake ameanguka kisimani, na tangu hapo maneno yake yalikuwa machache.

Baba yake, Donatien, aliongoza kwaya ya misa ya Kiswahili. Alikuwa na sauti nene, tamu, na wazee walitoka mbali hata Ganshoren kuja kuisikiliza. Ule msalaba wa shaba babu yake aliufua kwa nyundo, na hakuna suruali aliyoivaa bila huo mkanda.

Jioni ya siku ndama alipoletwa, Nday alimwosha mgongo maman Berthe, mke wa baba yake, kwa maji ya chumvi yaleyale. Jana yake, baada ya misa, Donatien alikuwa amefunga mlango wa sebule.

"Ulikuwa unachekea nani kule kanisa?"

"Haki ya Mungu, Donatien, hakuna muntu."

"Hakuna muntu. Donc mi niko kipofu."

Aliukunja mkanda ili bizimu lining'inie nje. Nday alikuwa jikoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Ghorofa ya juu, jirani yao Graciella aliongeza sauti ya televisheni kama alivyozoea. Berthe alipogonga ukingo wa meza, jino lake liliruka, likateleza sakafuni mpaka kwenye miguu ya Nday. Nday aliliokota, akalisuuza, akaliweka kwenye kisahani.

Sasa, akimwosha Berthe, aliona kwamba michaniko ilikuwa ileile ya ndama, mahali palepale, na msalaba uleule chini ya shingo.

"Unanuka samaki," Berthe alisema.

"Si samaki, maman. Ni nguva."

Alimweleza. Berthe alisikiliza huku ameinama, damu inamtiririka hadi kiunoni.

"Anakula?"

"Hapana. Taya linamuuma."

"Na mi vilevile. Mumupe maziwa ya moto kidogo. Na chikoni mumuchemushie, mbichi zina uchungu."

Wanawake wa kwaya walikuja na sombe na mkate, kama walivyokuja kila mara. Walikaa, walikula, walisifu mapazia. "Escalier ya hii nyumba ni mbaya," alisema mmoja wao, na wengine wakaitikia kwamba kweli ni mbaya. Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya chini; kuingia kwao hakukuwa na ngazi hata moja.

Ndama alianza kunyonya siku Berthe alipoweza kutafuna. Kidonda cha huyu kikifunga, cha yule kilifunga. Mara moja Donatien alimpiga Berthe teke la mbavu kwa sababu ya kahawa iliyopoa, na ndama akaelea ubavu siku nzima huku akitoa mapovu mekundu, Nday akiwa ndani ya maji amemkumbatia ili pua isizame. Alihema tu, na ndama akajifunza kuhema naye.

"Siku ile ndama atapanda avion ya Kongo, na mi naenda," Berthe alimwambia walipokuwa wanaanika nguo. "Dada yangu iko na chambre, chumba kimoja, kule Jette. Tutaenda sisi wawili. Lakini aende yeye kwanza. Asipoenda, mi najua miguu yangu haitatoka mu hii nyumba."

Nday alibana shuka kwenye kamba, akatikisa kichwa kukubali.

Kabla ya kusafirishwa, kila ndama alipaswa kupita mtihani. Alifunguliwa gatini, nyuma ya wavu, na watu wakasimama ukingoni kumwita. Akikimbia, amefaulu. Akija, anabaki. Marieke alitaka mtihani uwe mgumu, hivyo akafanya jambo ambalo sista wa zamani tu angelifikiria: alisimama mwisho wa misa akaialika kwaya nzima. Nday alikuwa benchi la nyuma. Alifungua kinywa, aseme baba yake asialikwe. Berthe, katikati ya masoprano, alimtazama, akatazama chini. Nday akafunga kinywa.

Walikuja wote na sare zao. Jeroen alipayuka kwa Kiflamandi, ndama akazama. Marieke aliita, ndama akakimbilia upande wa pili. Kwaya ikaimba sauti nne, na ndama akajibana chini kabisa ya wavu.

"Huyu hapendi Wakristo!" alisema papa Antoine wa besi, watu wakacheka. Berthe pia alicheka, mkono umefunika pengo la jino.

"Ngojeni," Donatien alisema. "Mulikuwa munapiga kelele. Mutoto anaitwa polepole."

Akaimba peke yake.

Ndama aligeuka. Alivuka gati moja kwa moja hadi chini ya miguu yake, akanyanyua mgongo juu ya maji, akaushikilia hapo, akingoja.

"Ona, anajua muziki!" Watu walipiga makofi. Donatien alifurahi. Alitembea ukingoni huku anaimba, na ndama akamfuata, akaukuta wavu, akauchana kwa kifua, akaingia mferejini. Tishari la mchanga lilikuwa linakuja kutoka Charleroi. Nahodha alipiga honi. Ndama hakukimbia honi, maana sauti iliyomwita ilikuwa bado inaimba.

Pangaboi lilimkata mara tatu. Maji yaliruka mekundu juu ya sare nyeupe. Ukingoni, Berthe alianguka kifudifudi bila kuguswa na mtu, na blauzi yake ikafunguka mgongoni mahali patatu, hadi kwenye mifupa. Alikufa kabla ambulansi haijafika.

"Ameteleza," walisema wanawake wa kwaya. "Mawe ya hapa ni mabaya."

Matanga yalifanyika kwenye ukumbi wa parokia, kukawa na sombe ya kutosha. Donatien alilia kwa sauti iliyowaliza wote, na papa Antoine akamwambia asikae mupweke, kuna mama mmoja Charleroi, mutu ya sala. Jumapili iliyofuata Nday hakuung'arisha mkanda. Donatien aliutazama msalaba uliofifia, akatazama saa, akasema hawatachelewa misa kwa sababu ya mutoto, watazungumza wakirudi. Waliporudi, walizungumza. Juu, Graciella aliongeza sauti ya televisheni.

Asubuhi Jeroen alileta ndama mpya. Alikuwa mdogo kuliko wote. Nday aliingia bwawani polepole, maana chumvi ilimchoma mgongoni, akampokea. Chini ya shingo ya ndama aliuona msalaba. Pembeni yake kulikuwa na mwingine wa zamani, uliopauka na kutanuka pamoja na ngozi. Nday alipeleka kidole mgongoni, chini ya shingo yake mwenyewe, akaupapasa huo wa zamani mahali pake, ulipokuwa tangu Likasi.

"Pangaboi," Marieke alinong'ona, na kuchovya kitambaa.

Nday alivuta pumzi. Marieke alimwona, akaweka kidole midomoni upesi na kumwonyesha ndama, kwamba anasikia. Ndama alikuwa ameinua kichwa, macho yake madogo yanamtazama Nday mdomoni.

"Si pangaboi, sista," Nday alisema. "Ni mkanda wa papa. Na mama yangu hakuanguka kisimani. Alisukumwa. Nilikuwa nimeshika ndoo."