Benchi la Akina Garside

Tangu riwaya ile ya juzuu tatu itoke, Kezia Garside hakuwa na amani. Ndani yake mlikuwa na baba mlevi, mwana mwizi na bibi kizee aliyemfungia mkwewe darini, na wote, balaa gani hii, walikuwa akina Garside. Mwandishi alipanga chumba kijijini wiki mbili tu, akaliokota jina kanisani, kwenye mlango wa benchi la familia ya Kezia, lililozungushiwa mbao kama kizimba, akaenda zake. Sasa kila Jumapili wageni walikuja kwa treni kutoka Leeds kumkodolea macho Kezia, mjane mfuma sufu.

Kezia akavumilia. Kisha akazuka Garside mwingine, Kapteni, mtu wa kusini mwa nchi asiye na undugu naye, aliyevuka jangwa la Australia kwa miguu, jina lake likatiwa kwenye ramani. Magazeti yalimsifu mpaka wino ukakauka. Akaalikwa kuja kufungua shule mpya na kusali kijijini Jumapili. Alhamisi, Booth, mzee wa kanisa, akabisha hodi kwa Kezia.

"Bi Kezia, Jumapili utatupisha kidogo. Kapteni akae kwenye benchi lenye jina lake. Wewe kaa nyuma, kwenye mabenchi ya bure ya maskini. Siku moja tu."

"Lenye jina lake? Kwani kalichonga yeye?"

"Usinianze, mama. Watu wakikuona pale watakumbuka kile kitabu. Sisi tunataka wakumbuke jangwa."

"Na wewe kitabu chenyewe umekisoma?"

"Mke wangu kanisimulia."

"Basi mwambie mkeo darini kwangu bado kuna nafasi."

Booth alipoondoka, Kezia alikaa chini akalia kwa hasira. Benchi lile alilichonga baba mkwe wake. Alikaa pale na mumewe miaka ishirini na sita, na ukingoni kulikuwa na alama za meno ya bintiye Martha, aliyezikwa akiwa na miaka mitatu. Shule wangempa wamtakaye aifungue. Alama zile asingemwachia hata Malkia.

Jumapili alifika kabla ya kengele, akaingia, akatia komeo la mlango kwa ndani. Kanisa likajaa. Kapteni akaingia akichechemea, uso umeungua kwa jua, Booth mbele yake. Booth akasukuma mlango. Wapi!

"Fungua, mwanamke! Unatuaibisha!"

"Garside wa kitabuni keshakaa," Kezia akasema, sauti ikafika mpaka kwenye kinanda. "Wa kwenye ramani atafute pake."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kapteni akalisoma jina mlangoni, kisha akautazama mkono wa Kezia ulioshika ukingo.

"Hizo alama ni za nini, mama?"

"Meno ya binti yangu. Hajawahi kukaa kwingine."

Kapteni akauondoa mkono wa Booth mlangoni.

"Kule nilikotoka kuna mto nimeupa jina langu," akasema. "Wenyewe, wenyeji wa pale, walikuwa ng'ambo, wananitazama. Natamani na wao wangekuwa na komeo."

Akageuka, akaenda kukaa nyuma na maskini. Kezia hakumshukuru wala hakumtazama. Wimbo ulipoanza aliimba kwa nguvu kuliko wote, na komeo hakulifungua mpaka ibada ilipokwisha.