Kibali cha Mbuzi

Mgeni alitokea upande wa majaruba ya mpunga, mahali ambapo watu wa pale hawapiti wakati wa mvua. Alikuwa msichana wa Kihindi, amevaa buti za mpira na koti la mvua lililomzidi, amekumbatia kisanduku cha barafu kifuani kama anayebeba mtoto mgonjwa. Teodora alimwona akizama hadi magotini, akajichomoa, akazama tena. Hakusimamisha cherehani. Kibaraza kilikuwa kinavuja, na alikuwa ameisogeza meza mahali pasipofikiwa na matone, sketi za shule zimefunikwa nailoni. Mwanga ulikuwa haba. Akiinua macho kwa muda mrefu, mshono ungepinda.

"Wewe dada, leo dukani kwenu hamfungui?" Winnie, jirani yake, alimpokea mgeni kutoka mlango wa pili, beseni la dagaa kiunoni.

"Dukani yupo baba," msichana akajibu huku akihema. "Mimi nimetumwa kwa mbuzi. Shikamoo mama."

"Marahaba," Teodora alisema, na hapo ndipo alipoondoa mguu kwenye kanyagio.

Aliitwa Shreya. Alikuwa amezaliwa Mwanza mjini, akasomea mifugo, na sasa alifanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa virusi wenye ofisi Nyamagana. Aliongea haraka, kama mtu ambaye bado hajazoea kukatazwa. Mvua zikiwa nyingi hivi, alisema, mbu nao huwa wengi, na wapo mbu wanaobeba kirusi cha homa ya Bonde la Ufa. Kikiingia kwenye zizi, mbuzi wenye mimba huzitupa na wadogo hufa. Wiki iliyofuata mifugo ya kata nzima ingechanjwa. Ila katika kila kijiji mradi ulitaka mbuzi wachache waachwe bila chanjo, wavishwe hereni ya njano sikioni, wapimwe damu kila mwezi mpaka mvua ziishe. Kirusi kikipita, damu yao ndiyo ingesema kabla ya kitu kingine chochote.

"Kwa hiyo wa wenzangu mtawakinga," Teodora alisema polepole, "wangu mtawaacha waugue ili mjue."

Shreya alitazama buti zake. "Si waugue, mama. Ni ili tujue mapema."

Teodora aliuliza kwa nini wake. Kijiji kilikuwa na mifugo mingi. Mayala peke yake alikuwa na ng'ombe wa kujaza uwanja wa shule. Shreya alieleza kwamba Mzee Mayala alikataa kabla hawajamaliza salamu, na mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewaelekeza huku. Hakusema mwenyekiti alitumia maneno gani. Teodora aliweza kujaza mwenyewe: kule kwenye majaruba kuna mjane wa Kihaya, mtu wa kuja, hana wa kumsemea, huyo hatawasumbua.

Malipo yalikuwa dawa ya minyoo na jiwe la chumvi la kulamba. Lakini si hayo yaliyomfanya akubali. Ni kwamba yule binti, akiwa ameloa mpaka shingoni, alivua kofia ya koti akamtazama usoni.

"Nikijua chochote, wewe ndiye mtu wa kwanza nitakayemwambia," alisema. "Kabla ya mwenyekiti. Kabla ya mtu yeyote."

Teodora naye akatoa neno lake. Hatauza, hatachinja, hataruhusu chanjo mpaka damu ya mwisho ichukuliwe. Na Kahawa, jike lake la rangi ya buni zilizokaangwa, atamshika mwenyewe siku zote, kwa kuwa yule mbuzi hakukubali mkono wa mtu mwingine.

Wachanjaji walipita wiki iliyofuata. Walichanja zizi la Mayala, wakachanja mbuzi wa Winnie, wakafika kwa Teodora, wakaona hereni za njano, wakageuza pikipiki.

Shreya alikuwa akija kama alivyosema. Kila alipokuja alivaa glavu, juu ya glavu akavaa nyingine, akafunga barakoa, kisha akapiga goti kwenye tope. Teodora alimkumbatia Kahawa shingoni, shavu likiwa juu ya manyoya, sindano ikaingia, damu ikapanda kwenye kichupa. Baadaye Shreya alimpa kipande cha pamba. Bonyeza hapo, mama, mpaka damu ikome. Waliongea. Binti alimsimulia jinsi kirusi kilivyo kidogo kuliko kitu chochote ambacho jicho linaweza kuona, na kwamba hakiwezi kuishi peke yake; lazima kiingie ndani ya mwili wa mwingine, kitumie vilivyomo kujizalisha. Teodora alicheka, akasema anawafahamu watu wa namna hiyo.

Siku moja alimuuliza kuhusu glavu. Yeye anawakamua hawa mbuzi kwa mikono, analala nao chumba kimoja mvua ikizidi; glavu mbili za nini?

"Ni utaratibu tu, mama," Shreya alisema.

Hilo jibu alikuwa amepewa ofisini. Walikuwa wameagizwa wasiwatie watu hofu.

Baada ya damu ya mwezi wa tatu, Shreya hakuja tena. Mwezi uliofuata ukapita. Simu yake iliita bila kupokelewa. Teodora alidhani barabara imekatika, au binti ameolewa.

Kisha mbuzi mdogo kati ya wenye hereni akatupa mimba. Aliyemfuata alikufa amejikunja kwenye kona, damu puani. Zamu ya Kahawa ilikuja asubuhi ya Jumapili. Alikuwa akilia kwa sauti ya mtu, na kitoto kilikuwa kimekwama. Teodora alikunja mikono ya gauni la kanisani, akapaka mkono mafuta ya kupikia, akauingiza. Hivyo ndivyo bibi yake alivyofanya kule Kagera, na ndivyo kila mwanamke pale kijijini alivyofanya. Mnyama wako hafi huku unamtazama. Alitoa cha kwanza, kimekufa. Alitoa cha pili. Alisafisha kondo kwa mikono, akafukia vyote nyuma ya nyumba, akanawa ziwani. Kucha zake zilibaki nyekundu mpaka jioni. Kahawa alisimama, akanywa maji.

Homa ilimshika katikati ya wiki. Zahanati walimpima malaria, hawakuiona, wakampa panado. Viungo vilimuuma kama vimepigwa kwa mchi. Kisha homa ikaondoka, akashukuru, akarudi kwenye cherehani, maana sketi zilikuwa zinasubiriwa na shule zilikaribia kufunguliwa.

Akatazama sindano, na sindano haikuwepo.

Meza aliiona. Kitambaa alikiona, na mkono wake pembeni. Lakini pale alipoelekeza macho palikuwa na doa la kijivu. Alipolihamisha jicho, doa lilihama nalo. Alimtazama Winnie mlangoni, akaona kanga, akaona beseni, uso hakuuona. Alijaribu kutunga uzi kwa kupapasa, akajichoma, akajaribu tena. Wazazi walianza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Walivichukua kwa upole, wakisema wataleta tena akipona.

Habari aliisikia kwenye redio ya Winnie, wakichambua dagaa. Mtangazaji alisema minada ya mifugo ya wilaya imefungwa. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imethibitishwa kwenye sampuli za mbuzi zilizochukuliwa kando ya ziwa mwezi wa tatu. Wananchi waliombwa wasishike kwa mikono mitupu mimba zilizotupwa wala kondo la mnyama.

Winnie aliacha kuchambua. Teodora aligeuza viganja vyake juu, akavishikilia hivyo.

"Mwezi wa tatu," alisema.

Alivuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi, Winnie akimshika kiwiko. Nyamagana walipanda ghorofa ya ofisi iliyokuwa na baridi ya mashine. Dokta Rwekaza, mkuu wa mradi, alitoka mwenyewe kumpokea. Alipogundua ni Mhaya mwenzake alimsalimia kwa lugha ya nyumbani, akaagiza soda, akamvutia kiti. Shreya alikuwa amesimama karibu na kabati. Teodora alimtambua kwa koti.

"Damu ya mwezi wa tatu," Teodora alisema. "Mlijua lini?"

"Mashaka tuliyaona mapema, mama. Ila mashaka si majibu. Sampuli zilikwenda nje kuthibitishwa, zikarudi, zikapanda wizarani. Matokeo si mali yangu. Ungetaka nifunge minada ya wilaya nzima kwa mashaka?"

"Sikutaka mnada ufungwe. Nilitaka glavu."

Dokta alizungusha chupa yake ya maji juu ya meza. Alisema anasikitika, na huenda alisikitika kweli. Alieleza kwamba kirusi hiki, kwa watu wachache, hushuka kwenye macho. Wengine huona tena, wengine hapana. Alisema hayo kwa ufasaha, kama anayejibu swali kwenye semina.

"Basi nipimeni na mimi," Teodora alisema. "Sindano mnazo. Muandike kwamba kiliniingia."

"Haiwezekani, mama yangu. Kibali chetu ni cha mbuzi."

Alieleza taratibu. Damu ya binadamu ina kamati yake, ina maombi yake, na mfadhili lazima akubali. Sindano ya mradi ikigusa mtu bila kibali, mradi wote unafungwa. Teodora aliuliza kama mtu anaweza kukiomba hicho kibali mwenyewe. Dokta alitabasamu na kusema hapana, hukiomba mtafiti. Alimshauri aende kwenye kliniki ya macho. Kuhusu nani atamlipia, alisema bajeti ya mradi haina kifungu hicho.

"Ila damu ya mwisho bado," aliongeza, akimsindikiza. "Mbuzi aliyeugua akapona ni hazina kubwa kwetu. Wewe ndiye mfugaji wetu bora. Nakutegemea."

Shreya aliwafuata mpaka ngazini.

"Nilikatazwa, mama."

"Ulikatazwa kuja, au ulikatazwa kupiga simu?"

"Vyote."

Alikuwa na mkataba wa muda, alisema, na mtu wa kwanza kuvujisha majibu alifukuzwa mwaka uliopita. Alianza kulia. Teodora alisikia kilio hicho kikitoka mahali palipokuwa na doa la kijivu. Alitafuta ukuta kwa mkono, akaanza kushuka.

Minada ilipofunguliwa, Mayala alituma mtu kwamba anamtaka Kahawa. Mbuzi aliyepita kwenye homa akabaki mzima ni mbuzi wa kutunzia mbegu. Angelipa vizuri, nauli na kliniki vingetoka humo na chenji ingebaki.

"Muuze, dada," Winnie alisema. "Wale wana nini na wewe? Walikuahidi nini, wakakupa nini?"

Teodora alikuwa akimkamua Kahawa kwa kupapasa. Alikamua mpaka kikombe kikajaa.

"Mimi hawanipimi," alisema. "Nikimuuza huyu, nani atasema kwamba kilipita hapa?"

"Wewe utasema."

"Nimeshasema. Nilikuwa kwenye kiti chao, nikasema."

Winnie alikipokea kikombe. Baadaye alimwambia mtu wa Mayala kwamba mbuzi hauzwi.

Siku ya damu ya mwisho hapakuwa na mvua. Gari la mradi lilifika mpaka mlangoni, na Shreya akashuka na kisanduku chake. Alimwamkia kwa sauti ndogo. Teodora aliitikia marahaba, akaenda kwenye zizi, mkono mmoja ukifuata ukuta. Alimwita Kahawa na Kahawa akaja. Alipiga magoti, akamkumbatia shingoni, akaweka shavu mahali pale pale.

Alisikia glavu zikivutwa, kisha zile za juu.

Kabla ya sindano Shreya alikuwa na maswali ya kuuliza. Anakula? Anakula. Maziwa? Yanatoka. Amewahi kutupa mimba? Unajua. Kalamu iliandika, ikasita.

"Macho?" Shreya aliuliza.

"Ya mbuzi?"

Shreya aligeuza karatasi.

"Yake yanaona," Teodora alisema. "Andika."

Kalamu ilikaa muda mrefu juu ya karatasi, kisha ikaandika. Sindano iliingia. Kahawa alitikisika mara moja, akatulia chini ya shavu lake. Damu ilikuwa nyingi safari hii. Walitaka vichupa zaidi, vya kupeleka nje. Shreya alipomaliza alimtafuta Teodora vidole, akamwekea pamba, akamwongoza mpaka kwenye mshipa. Mkono ulikuwa wa mpira na ulikuwa wa baridi.

"Asante kwa kutunza neno lako, mama," alisema.

Mlango wa gari ulifungwa. Injini ilipanda mteremko wa kwenda kivukoni, ikasikika kwa muda kule juu, kisha pakabaki kelele za vyura kwenye majaruba na Winnie akiita kutoka kibarazani kwamba imetosha, amwachie mnyama akale.

Pamba ilikuwa imeshakauka. Aliendelea kubonyeza.