Kiini cha Yai Mbele ya Bi Mannoubia

Mongi wa Houmt Souk alikuwa na mdomo, na mdomo ndio uliomponza. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni kisiwani Djerba: awapeleke sokoni wakaone samaki wakinadiwa, awapandishe ngomeni wapige picha bahari, kisha awakalishe mkahawani awalishe brik. Na hapo kwenye brik ndipo alipojitia ujuzi.

"Mnaiona hii?" huwaambia, akiinua chapati nyembamba iliyokunjwa pembetatu ikakaangwa na yai tumboni. "Kwetu ukitaka kuoa, mama wa binti anakukaangia moja. Unaila kwa mkono mbele yake. Kiini kikikuchuruzika, rudi kwenu, mke huna. Mimi tangu nizaliwe sijadondosha hata tone!"

Kisha anaila, safi kabisa, na wageni wanapiga makofi. Adondoshe nini? Mpishi alikuwa rafiki yake, na yai la Mongi alilikaanga mpaka likawa gumu kama kisigino.

Sasa, Mongi alimpenda Sihem, na alimpenda kweli, si mchezo. Washenga walishatumwa kwa mama yake, Bi Mannoubia, mjane asiyepitwa na jambo mtaani. Bibi huyo hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mpaka Ijumaa moja akamtumia Mongi salamu: "Nasikia unawalisha wageni mkahawani. Kwani sisi hatuna majiko? Walete kwangu. Nawe uje na njaa."

Mongi, maskini, akaona mambo yameiva. Njiani akawamwagia wageni wake Waholanzi habari yote: mama ndiye huyo, binti ndiye huyo, na leo watashuhudia mwanamume akijipatia mke kwa meno yake. Bibi Greet, mwalimu mstaafu aliyekuwa mchangamfu kuliko wote, akamshika mkono akamwombea heri.

Walikaa uani kwa Bi Mannoubia, mbele yao pilipili za kuchoma, zeituni na mikate ya moto. Wageni wakala brik wakachafuka hadi viwiko. Bi Mannoubia akacheka nao, akawapa vitambaa. Mgeni ni mgeni.

Kisha akaleta ya Mongi, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

Mongi aliishika akahisi kiini kinacheza ndani. Jasho likamtoka.

"Mama," alisema, "moto wako leo naona mdogo. Labda tungeirudisha mafutani kidogo tu."

"Tuirudishe? Si wewe unayewaambia walimwengu hujadondosha tangu uzaliwe? Kula, mwanangu. Ikipoa haina utamu."

Basi akauma pembe, akafyonza. Akauma tena, akafyonza, kama mtoto anyonyaye. Sihem, mlangoni mwa jiko, alikuwa ameng'ata ncha ya mtandio. Tone halijaanguka! Bibi Greet akashindwa kujizuia, akapiga makofi.

Ungekuwa wewe ungenyamaza, ukamaliza. Lakini Mongi kusikia makofi na kunyamaza? Aligeuka, akatabasamu, akafungua kinywa aseme, "Mnaona?" Kiini chote kikashuka kidevuni, kikapita shingoni, kikaingia ndani ya shati jeupe.

Bibi Greet akafumba macho.

"Haya," alisema Bi Mannoubia. "Desturi ni desturi. Hata hawa wanaijua, umewafundisha mwenyewe."

"Mama, jamani, tone moja!"

"Hilo ni tone? Hilo ni kuku mzima!"

Mongi akainama, machozi yakimlenga, akajipangusa kidevu kwa kiganja.

Ndipo Sihem alipotoka jikoni. Akachukua brik moja sahanini, akaiuma katikati, pwaa! Kiini kikamtiririkia kifuani, na yeye akakiacha kiende kinakotaka.

"Sihem! Gauni la Iddi!"

"Nimechafuka, mama. Nani atanitaka sasa? Basi sisi tusiofaa tuoane wenyewe kwa wenyewe."

Bibi Greet hakujua hata neno moja la Kiarabu, lakini hilo alilielewa, akapiga vigelegele vya Kiholanzi, kama vipo.

Bi Mannoubia alitazama gauni. Akatazama shati. Akamtazama bintiye kwa muda mrefu, na binti hakuinamisha macho.

"Na nguo hizi nani atafua?"

"Mimi!" Mongi aliruka. "Zote mbili, mama. Sasa hivi!"

Sihem akaenda kubadili. Muda si muda Mongi alikuwa kifua wazi, amechutama mbele ya beseni, anasugua gauni la Iddi huku Waholanzi wakimpiga picha nyingi kuliko walivyoipiga ngome. Bi Mannoubia alivumilia, akavumilia, mpaka alipomwona anainua birika la maji ya moto.

"Maji baridi, wewe mkwe!" alifoka. "Ya moto yanagandisha yai!"

Mongi akainua uso polepole, birika mkononi, akamtazama Sihem dirishani kuhakikisha kama naye amelisikia neno lile.