Mti wa Dawa ya Kifua

Angetile alikuwa uani anachambua maharage, juu ya njia iteremkayo Ikombe, mti wa dawa ya kifua ulipofika. Ulikuwa umeshuka mlima mzima kwa mizizi yake na umetapakaa matope. Ukasimama kando ya banda la nguruwe, unahema.

"Ugonile," Angetile akausalimu, kisha akaumwagia maji mizizini, maana ametoka mbali huyo. Akabandika chungu jikoni.

Haukuja kutembea tu. Lucy, mjukuu wake, alikuwa anakohoa tangu mvua zianze, na huku milimani mti haubanduliwi gome kabla haujatajiwa mgonjwa, kwa jina alilopewa na mama yake. Angetile alikuwa amelitaja, ila kwa mbali, akiwa amesimama penye bango. Bango hilo ni la Mwenyekiti wa kijiji: msitu umefungwa, marufuku kuchuma jani, uyoga wala gome. Mbao hazikutajwa, kwa sababu nyumba mpya ya Mwenyekiti ilikuwa bado haina milango.

Mwenyekiti alifika kabla maji hayajachemka, na mgambo wake nyuma.

"Mama, umekutwa na mazao ya misitu."

"Umekuja wenyewe, Gwamaka mwanangu."

"Niite Mwenyekiti. Na wenyewe una kibali cha kutembea?"

"Basi nibandue gome kidogo. Mtoto kifua kimembana."

"Hicho sasa ni kidhibiti, mama. Hakiguswi."

Wakaufunga kamba, ukafuata bila ubishi hadi ofisini. Kwa kuwa kidhibiti kikikaa nje huoza, Mwenyekiti aliagiza kipasuliwe, kikachongwa meza, akaanza kuweka viwiko vyake juu yake.

Meza ikatoka jasho. Lilikuwa chungu, rangi ya chai ya rangi, likalowanisha mihuri. Angetile akaja na kitambaa, akalitaja jina la Lucy polepole, akafuta, akakamulia kikombeni. Lucy akanywa, akalala vizuri. Kesho yake wakaja kina mama wengine, kila mmoja na kitambaa chake, na Mwenyekiti akawapangia zamu. Wageni wa wilayani walipopita, aliwaambia kwamba akina mama wa kijiji chake hujitolea kwa usafi wa ofisi. Wageni walipiga makofi, wakapiga na picha penye bango.

Halafu kikohozi kikamshika yeye. Akaegesha mlango, akainama, akalamba kona ya meza.

"Itajie jina kwanza," Angetile akamwambia kutoka dirishani, alikokuwa anakamua.

"Mimi ni Mwenyekiti," akaiambia meza.

Upande wake ukakauka papo hapo.

"Si hilo. Lile la mama yako."

"Hapa ni ofisini, mama."

Akalamba tena. Akapata vumbi.

"Meza yenyewe mbovu hii," akasema, kati ya kikohozi na kikohozi. Akawaita mgambo, akawatuma mlimani wakalete mti mwingine, mnene zaidi, na safari hii wasingoje ushuke.

Wakapita chini ya bango, shoka begani. Angetile akawapisha njia, akaingia ofisini na kitambaa chake. Ilikuwa zamu yake ya kufuta.