Mdomo wa Saksafoni ya Kinu Jazz

Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo sikupoteza hata msumari mmoja. Nalisema mapema ili ujue ninavyojivunia, maana majivuno hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa. Kinu cha pamba kilipokuwa hai hapa Biharamulo, kila kilichoingia stoo nilikiandika kwa mkono wangu: magunia, mikanda ya mashine, madebe ya oili, na vyombo vya bendi. Ndiyo, bendi. Enzi zile kiwanda kisicho na bendi kilikuwa kama harusi isiyo na pilau. Chetu kilikuwa na Kinu Jazz, wanaume saba, na vyombo vyote vilikuwa mali ya kinu. Wapigaji hawakumiliki kitu ila vidole vyao.

Isipokuwa Ansbert. Saksafoni ilikuwa ya kinu, tena ina namba niliyoipiga kwa rangi nyeupe ubavuni. Lakini mdomo wake, kile kipande cheusi kinachotiwa kinywani, Ansbert aliuchomoa kila baada ya dansi akautia kwenye mfuko wa shati na kwenda nao kwake. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba mtu haachi mswaki wake kwenye nyumba ya watu. Ukweli ni kwamba alikuwa na wivu. Aliogopa mwingine asije akaipuliza usiku akaiharibu, na hali Biharamulo nzima hapakuwa na mwingine aliyejua hata pa kuishikia. Ule ulimi mwembamba unaofungwa kwenye mdomo, ambao ndio unaotoa sauti, ulipoadimika madukani, aliuchonga mwenyewe kwa tete la bondeni akausugua kwa jani la msasa.

Jazz aliijulia dukani kwa baba yangu. Baba, Mzee Luqmani, alikuja huku kutoka Pangani na vitenge, mafuta ya taa, na gramafoni ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ansbert alikuwa kuli wa marobota ya pamba. Akimaliza zamu husimama kwenye kaunta, hanunui kitu, anasikiliza santuri mpaka baba afunge mlango. Pale ndipo alipoyajua majina. Armstrong na tarumbeta lake. Parker, bingwa wa saksafoni, ambaye siku moja hakuwa na chombo chake akapanda jukwaani na saksafoni ya plastiki, na walioisikia wanasema hakikupungua kitu. Hadithi hiyo aliipenda mno, akaisimulia hata kwa watu waliokuwa wamekuja kununua chumvi.

Ila aliyempenda kuliko wote hakuwa kwenye santuri yoyote. Buddy Bolden wa New Orleans, ambaye wazee wa jazz wenyewe walimtaja kuwa ndiye aliyeanza, akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakuna sauti yake hata moja iliyobaki. Baba alikuwa amemsoma gazetini. Ansbert alisema jambo hilo lilimnyima usingizi: baba yao wote, na hakuna aliye hai aliyemsikia. Nadhani alikuwa anajiombolezea mwenyewe mapema. Kinu Jazz nayo haikurekodiwa kamwe. Gari la watu wa redio lilikuja mara moja, wakati wa masika, likakwama kwenye tope siku mbili, likageuza.

Walimu wa sekondari walikuwa wakimcheka kwamba ule si muziki wa jazz, ni dansi tu la rumba. Hakubishana nao. Alisema jazz ni jina kama Ansbert: tumebatizwa nalo, tutazikwa nalo.

Na kuzikwa nalo hakukuwa maneno matupu. Wale saba waliwekeana ahadi. Kulikuwa na wimbo wao wa kufungia dansi, usio na maneno, ambao saksafoni huongoza na wengine hufuata taratibu mpaka watu watoke ukumbini. Waliahidiana kwamba atakayekufa, waliobaki watampigia wimbo huo kaburini. Kinu kikafa kabla yao. Mimi nikabaki nalinda stoo ya kiwanda kisichosaga wala kuchambua chochote, na kila msiba ulipotokea walikuja na barua ya kuazima vyombo, wakatia sahihi, wakavirudisha. Ansbert aliitoa saksafoni, akaipachika mdomo wake kutoka mfukoni, na kesho yake akairudisha bila mdomo. Watano walizikwa hivyo. Wa kwanza alipigiwa na watu sita. Wa tano alipigiwa na wawili tu, Ansbert na Erasmus wa gitaa, na bado mimi niliyekuwepo nililia, kwa sababu saksafoni ilipokuwepo wimbo ulikuwepo.

Mwaka 2015 akaja mfilisi kukabidhiwa mali za kinu. Nikaandika orodha kwa siku tatu, nikampa na funguo, nikaenda nyumbani kulea wajukuu.

Mwaka huu, Jumatano moja ya mwezi wa saba, Ansbert akaja mlangoni kwangu amevaa koti, bintiye Deodata amemshika mkono. Ana miaka sabini na tisa, na kifua chake hukisikia kabla hujamwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa bado amesimama, akakataa kiti. Erasmus amefariki kwao Nyakisasa, akasema. Mazishi ni kesho saa nane. Alikuwa amefuata saksafoni. Aliniomba kana kwamba funguo bado zinaning'inia kiunoni mwangu.

Deodata alinieleza pembeni kwamba daktari amemkataza hata kupuliza moto jikoni. Nikamwambia Deodata kwamba baba yake ana deni la pumzi na atalilipa, kwa hiyo awashe gari lake twende.

Kinuni tulimkuta mlinzi, Anold, ambaye zamani nilikuwa namgawia sabuni. Alitufungulia ghala kwa heshima zote. Ndani mlikuwa na kinyesi cha njiwa na mwanga wa matundu ya bati, basi. Akatuambia vitu vilivyo kamili vilinadiwa na watu wakavichukua wakavitumie, hata gitaa na ngoma zilichukuliwa na kwaya moja ya Runzewe. Vilivyobaki walibeba watu wa skrepa, wanunuzi wa vyuma chakavu wa Nyakanazi. Kwenye kibanda chake nakala ya orodha ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari.

Ansbert hakuwa na miwani. Akaniomba nimsomee.

Mwandiko ulikuwa wangu, umenyooka kama nilivyofundishwa. Saksafoni moja, niliandika. Haina mdomo. Pungufu. Na pembeni mtu mwingine alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu neno moja: skrepa. Nilisimama na karatasi ile mkononi. Nilikuwa nikijua mdomo uko wapi. Siku ile ninaandika, ulikuwa mfukoni mwa mtu anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na ningeweza kutuma mtoto akauchukue, au kukaa kimya nikaandika saksafoni moja na kuishia hapo. Lakini mdomo haukuwemo stoo, na mimi siandiki kisichokuwepo.

Nikamsomea neno lile jekundu peke yake. Yale mengine nikayaruka.

Tukaenda Nyakanazi. Njia nzima Ansbert alikuwa akichezesha vidole juu ya magoti. Mwenye skrepa anaitwa Bulugu, mtu mpole mwenye mikono iliyochanikachanika, yuko nyuma ya kituo cha mafuta katikati ya milima ya rimu na injini. Aliikumbuka saksafoni mara moja, akafurahi kwamba kuna wanaoiulizia, ndipo akaona nyuso zetu akaacha kufurahi. Alituambia aliipiga nyundo ikawa bapa ili iingie kwenye gunia, ikaenda na lori la shaba kuyeyushwa. Ni miaka mingi sasa.

"Sikuiharibu kwa kupenda, mzee," Bulugu alisema. "Niliiweka mwaka mzima. Alikuja mpiga tarumbeta wa kanisa akaitazama, akasema ni nzima, tatizo haina mdomo. Ingekuwa na mdomo angeichukua siku ile ile."

Ansbert aliinua mkono taratibu akaushika mfuko wa shati lake. Deodata hakuelewa, akamuuliza kama kifua kinamuuma. Mimi nilielewa, nikatamani Bulugu angekuwa mtu mbaya ili niwe na wa kumtukana.

Kulikuwa na kipande kimoja kimebaki. Ule mwisho mpana wa saksafoni, unaofunguka kama ua la boga, Bulugu alikuwa ameukata akaufanya faneli ya kumiminia oili kwenye madumu. Akaufuta kwa kitambaa, akampa Ansbert bure. Namba yangu nyeupe haikuwepo, ilibaki upande uliokwenda. Ansbert aliugeuza, akaunusa, akamrudishia. Alisema kwamba pale una kazi.

Tulipokata kona kushika njia ya Ngara, kuelekea msibani, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba ile orodha niliiandika mimi, na kwamba niliandika haina mdomo.

"Nilijua," alisema akitazama nje. "Nani mwingine angeandika ukweli mpaka uue?"

Kisha akasema kwamba mdomo aliuchukua yeye, si mimi, na kwamba alidhani anailinda. Tulilala kwa ndugu zake Deodata pale Rulenge, na sidhani kama kuna aliyelala.

Nyakisasa watu walikuwa wengi, wamejaa hadi ndani ya migomba. Wajukuu wa Erasmus walikuwa wamekodi spika za kupigia kwaya kutoka kwenye simu. Katekista alipomaliza, jeneza likateremshwa, akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Ansbert akajitokeza mbele. Wengi hawakumjua. Mmoja aliyemjua akanong'ona kwamba huyo alikuwa wa bendi, na mwenzake akauliza bendi gani.

Akautoa mdomo mfukoni. Ulimi wa tete ulikuwa mpya. Alikuwa ameuchonga Jumanne ile ile aliposikia habari za kifo. Akautia kinywani na kupuliza.

Mdomo wa saksafoni bila saksafoni una sauti moja tu, nyembamba na ya kukwaruza, kama bata aliyekanyagwa. Watoto walicheka. Mama mmoja akamfinya mwanawe, naye mwenyewe akainama kuficha uso kwa khanga. Ansbert hakuacha. Vidole vyake vilikuwa hewani, vinabonyeza vifungo ambavyo havikuwepo, kila kimoja mahali pake, na nilipoviangalia nikausikia wimbo wote, na mahali ambapo Erasmus alikuwa akiingia na gitaa, Ansbert alinyamaza na kumpisha. Pale palipokuwa kimya ndipo watu walipodhani amemaliza. Vijana wakaanza kushika makoleo. Akapuliza tena, nao wakasubiri kwa adabu, kisha bila adabu, na udongo wa kwanza ulianguka kwenye jeneza kabla hajafika mwisho. Kikohozi kikamkamata. Nusu ya mwisho ya wimbo haikupigwa, na katika watu wote wale nilikuwa peke yangu niliyejua kwamba kuna nusu imebaki.

Nililia kwa hasira. Nilitaka kuwaambia kwamba mtu huyu alikuwa mkubwa, kwamba ukumbi wa kinu ulikuwa ukijaa hadi watu wanachungulia madirishani. Lakini ningewaonyesha nini? Hakuna santuri wala kanda. Kuna mimi, na mimi ndiye niliyeandika pungufu.

Alirudi akasimama karibu yangu akihema, Deodata akimpangusa jasho. Kisha akanishika kiganja, akaniwekea mdomo ule, bado una joto na mate yake, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Upokee, Bi Pili," alisema. "Andika: mdomo mmoja, hauna saksafoni."

Niko nao hapa, kwenye droo ya kabati, umefungwa kwenye leso. Deodata hunipigia simu kila Jumapili kunieleza hali ya baba yake, na hali yake si nzuri. Kila simu inapoita huitazama kwanza kabla sijaipokea. Yeye ni wa saba, na wapo sita waliopigiwa wimbo, hata kama wa sita alipigiwa nusu. Nimejaribu mara moja kuutia mdomo ule kinywani, mchana, nikiwa nimefunga mlango. Haukutoa hata sauti.