Fahali Ndani ya Tasnifu

Hasira hasara, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kusimamiwa tasnifu na Dakta Januarius, ndiyo maana walisema.

Siku Kwandu alipoingia ofisini kwa Dakta huyo bila kubisha hodi, mama yake alikuwa na mwezi mzima hajasalimiwa na mtu kijijini. Hakuwa mgonjwa, wala hakumkosea mtu adabu. Dagashida, yaani baraza la wanaume wote wa kijiji, ilikuwa imekaa ikamtenga. Haombi moto kwa jirani, hachoti maji kisimani wenzake wakiwapo, dukani hauziwi hata chumvi, na anayemsalimia naye anatengwa. Watoto aliowapokea kwa mikono yake siku walipozaliwa, leo ni watu wazima wenye ndevu, walikuwa wanapishana naye njiani kama wanapishana na kichuguu. Mama huyo, Evalina, mjane aliyekula chumvi nyingi, kosa lake lilikuwa moja tu. Alizungumza na mwanawe.

Na mwanawe ndiye huyu binti Kwandu, mwanasheria wa halmashauri pale Bariadi, aliyekuwa anasomea shahada ya uzamili ya sheria jioni na Jumamosi.

Chuo chenyewe usikifikirie kikubwa. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa pamba walijazana kila kona, chama cha ushirika kikafa kibudu, na majengo yake yakabakia ya popo. Wakaja watu na chuo chao kutoka mbali, wakapaka rangi, wakatundika kibao: Kitivo cha Sheria. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa ghala la pamba, na mvua ikinyesha kuta bado zilitoa harufu ya mbegu. Wanafunzi wa uzamili hawakujaza hata benchi mbili. Maktaba ilikuwa makabati yenye kufuli, na ufunguo anao Dakta. Watu wa mjini walikicheka. Kwandu hakukicheka hata siku moja. Kwa mtu asiyeweza kuacha kazi, na asiyeweza kwenda Dar es Salaam akamwacha mama peke yake, kile kilikuwa chuo, na alikipenda.

Dakta Januarius ndiye aliyemwambia aandike juu ya kitu ambacho hakuna msomi aliyekigusa. Kwandu akaandika juu ya dagashida: jinsi kijiji kinavyohukumu, kinavyotoza na kinavyosamehe bila kuisubiri serikali. Alienda kwa mama yake, wakakaa jikoni, na mama akamsimulia habari ya Shija.

Shija ni mtu wa ng'ombe wengi pale kijijini. Nduguye alipofariki alitaka kumrithi mjane, mjane akakataa, naye akampiga mpaka akampofua jicho moja. Dagashida ilimtoza fahali, nzagamba wa kueleweka, fahali akaenda kwa yule mjane, na baraza likaagiza neno hilo lisitoke nje ya kijiji. Polisi hawakusikia. Mama alipomaliza kusimulia alimwambia mwanawe kwamba yeye hakupenda, jicho la mtu si fahali, lakini nani angemuuliza yeye.

Sasa sikiliza kosa la Kwandu, maana kosa alilifanya, na mimi simfichi. Alificha watu wote. Shija alimwita Bwana A, mjane akawa Bibi B, kijiji akakipa namba, na mama yake akawa mtoa taarifa tu. Lakini alipofika kwa yule fahali, mkono wa Kisukuma ukaushinda usomi. Akaandika kwamba alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe bega la kushoto, na pembe moja imelala mpaka karibu na jicho. Kwao mtu hasemi alitoa ng'ombe, akanyamaza. Wataanza kukuuliza, yupi? Ng'ombe aliyekufa zamani, kabla hujazaliwa, wazee wanamtaja kwa ngozi yake kama wanavyomtaja marehemu shemeji. Kwandu alificha watu vizuri kabisa, akamwacha fahali uchi, na hakugundua.

Hata hivyo tasnifu ya darasani ingebaki darasani. Aliyemwaga mtama penye kuku wengi ni Dakta. Aliichukua ile sura bila kuomba ruhusa, akaifanya makala, akaandika jina lake juu kwa herufi nene na la Kwandu chini kabisa, baada ya maneno "kwa msaada wa", kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Akaenda kuisoma kwenye semina ya haki za binadamu ya wafadhili, ukumbi wa hoteli pale pale mjini. Diwani wa kata ya kina Kwandu alikuwemo, anatafuna sambusa. Aliposikia habari za baka jeupe na pembe iliyolala, alicheka akauliza kwa sauti kama huyo siye yule wa Shija.

Wiki haikuisha, polisi wakamchukua Shija. Wapo waliofurahi, na Kwandu mwenyewe, kusema kweli, kwa hilo hakulia. Lakini kijiji hakikuuliza kama Shija alistahili. Kiliuliza nani katoa neno. Nyumba yenye mtoto mwanasheria ilikuwa moja tu.

Ndipo Kwandu akaingia ofisini bila hodi. Alimweleza Dakta yote, amesimama. Alimwambia jinsi anavyokwenda kila Jumapili na chumvi, viberiti na mafuta ya taa, na wazee wanamfumbia macho kwa vile yeye ni mtu wa mjini. Alimwambia mama yake ameanza kuongea na kuku ili asisahau sauti yake. Dakta alisikiliza vizuri. Akavua miwani, akaifuta, na uso ukamng'aa.

"Kwandu, unajua ulichonacho? Hakuna mtafiti aliyewahi kumhoji mtu aliyetengwa akiwa bado ametengwa. Ongeza sura moja."

"Ni mama yangu, Dakta."

"Ndiyo maana atakujibu vizuri."

Jamani. Kuna maneno mtu akikuambia unatamani Mungu angekuumba mwanaume wa mnadani, usiye na cheo cha kulinda. Kwandu angeweza kummwagia chai iliyokuwa mezani, na nadhani hata malaika wangeangalia pembeni. Hakufanya hivyo. Alimeza, maana alimhitaji.

Kwenye dagashida mwanamke hana neno. Yeye, aliyeandika juu ya baraza lile kuliko mtu yeyote aliye hai, hakuruhusiwa kusimama na kusema ndani yake. Lazima mwanaume amsemee. Baba alishafariki, kaka hana, na wajomba walikuwa wameufyata wasije wakatengwa na wao. Akamwomba Dakta aje kijijini aseme ukweli tu: kwamba Evalina alizungumza na mwanawe jikoni, mwana akamwandikia mwalimu wake, na mwalimu ndiye aliyelitoa neno ukumbini. Baraza likisikia hivyo, mama atarudishwa. Dakta alikubali papo hapo. Alisema hajawahi kuiona dagashida kwa macho yake na asingependa kuikosa. Kwandu alishukuru. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru, na mpaka leo akikumbuka hilo anajichukia.

Baraza lilikaa asubuhi, kwenye uwanja karibu na josho la ng'ombe. Wanaume walikaa chini kwa duara, vijana wa sungusungu wamesimama nyuma na fimbo. Wanawake walikuwa mbali pembeni. Evalina alikaa mbali zaidi ya hao, peke yake juu ya kitenge chake, na kati yake na mwanamke wa karibu palikuwa na nafasi ya kupita mkokoteni. Kwandu alikaa na wanawake kama alivyoelekezwa. Dakta alipewa kiti.

Mzee Mabula, mkubwa wa baraza, hakuwa na haraka. Alieleza jambo lote tangu mwanzo, akataja fahali, rangi yake na pembe yake, wanaume wakaitikia. Akasema aliyelitoa neno nje ya kijiji atatoa mchenya, faini ya fahali mnono, na akishindwa atatengwa. Kisha akamgeukia mgeni, akamuuliza kwa heshima: maneno yaliyosomwa mjini yalikuwa ya nani?

Dakta alisimama. Alikitazama kile kiti, akawatazama vijana na fimbo zao, akakohoa.

"Kazi ni ya mwanafunzi wangu, wazee," alisema. "Mimi kazi yangu ni kusahihisha tu."

Akamruka kimanga, mchana kweupe, mbele ya mama yake. Akaketi, akachukua kalamu, akaanza kuandika.

Kwandu hakujua alivyosimama. Alijikuta yuko wima, na sauti yake imeshatoka.

"Mwulizeni jina lililoandikwa juu ni la nani."

Uwanja ukachafuka. Mzee mmoja alimwambia akae chini, toka lini jike likawika hapa. Kwandu hakukaa. Aliwaambia kwamba alisoma sheria miaka yote hiyo ili siku kama hii asinyamaze, kwamba Shija alimpofua mtu na hakuna aliyemtenga, ila aliyesimulia ndiye anayenyimwa maji. Alisema yote, kwa Kisukuma cha nyumbani, bila neno moja la chuo. Dakta hakuinua uso. Mzee Mabula alingoja mpaka vijana wakanyamaza, kisha akanong'onezana na wenzake, na wakakubaliana.

Naamini mzee alidhani anatoa rehema. Alisema mama kuzungumza na mtoto wake si kosa, baraza lilikosea hapo, na Evalina amerudi kwa wenzake leo hii, asalimiwe. Kosa ni la aliyelibeba neno. Huyo ni Kwandu, tena kasimama akasema penye wanaume. Kwandu ametengwa. Asisalimiwe na mtu wa kijiji hiki, asipewe maji wala moto, na mama yake ndiye awe mfano, asiwe wa kwanza kuvunja. Atakayevunja, anajua.

Wanawake wakainuka. Walimwendea Evalina kwa mbio, wanamshika mikono, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, mwangaluka, wengine wanalia kwa aibu ya mwezi mzima. Kwandu aliwaangalia. Akajiambia, si ndicho ulichotaka? Mama kapata watu wake. Kazi imekwisha, ondoka usimharibie. Akageuka kuelekea barabarani.

Dakta alimfuata mpaka karibu na gari. Aliongea taratibu, kama mtu anayempa mwenzake pongezi. Alimwambia ameona? Hitimisho limejileta lenyewe, sasa hata kumhoji mama hakuna haja, atajihoji mwenyewe. Kwandu akamwambia ang'oe jina la mwanafunzi wake kwenye ile makala na tasnifu aisahau, hatairudisha chuoni, ng'o, hata wampe shahada kwa sinia. Dakta alicheka kidogo, akasema atatulia, hasira hasara.

Nyuma yao kelele za wanawake zilikuwa zimekatika.

Evalina alikuwa anakuja. Alikuwa amejitoa mikononi mwa wenzake, kitenge kimemteleza begani, anakatiza uwanja katikati ya duara la wanaume, mahali ambapo mwanamke hapiti. Hakumtazama mzee Mabula wala wale vijana. Kwandu alimwona akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa mkono arudi. Kama angeita angekuwa amemwongelesha, basi akabaki anatikisa kichwa tu, machozi yanamtoka. Mama alifika akasimama mbele yake.

"Mwangaluka, mwanangu," alisema.

Kwandu alifunga mdomo. Salamu isiyoitikiwa si salamu. Akinyamaza, mzee Mabula angeweza kusema bibi kapitiwa, basi yaishe. Mama akaliona hilo, akakasirika. Ndiyo, alikasirika, Evalina aliyekaa mwezi mzima na kuku wake.

"Nimekusalimu, Kwandu. Wale wamenionea, na wewe unataka kunionea?"

Wanaume wote walikuwa wanasikiliza. Dakta alikuwa ametoa kalamu.

"Mwangaluka, mayu," Kwandu aliitikia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wazee.

"Haya," mama alisema, akamshika mkono. "Maji yapo, nilichota alfajiri kabla yao. Twende nyumbani ukanywe."