Mkono wa Pamba

"Usimeze mate," mdogo wangu aliniambia, wembe ukiwa umeshanigusa koo.

Sikumeza. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, nami nilifumba macho nikijiambia kwamba huyu ni mtoto wa mama yangu, hawezi kunichinja. Wateja kwenye benchi waliinamisha vichwa. Hao hao ndio waliompachika jina la Pamba zamani, maana alikuwa akikunyoa mpaka unasinzia.

Unga wa kulevya alikuwa ameuanza karibuni tu, akidhani ni mchezo, kama wanavyodhani wote. Nilipomgundua hakubisha. Alilia, akasema, "Kaka, nishike kabla sijafika mbali." Basi nikamshika. Nilihamia kwake, nikawa nalala mlangoni, nikamfulia mashuka aliyoyatapikia. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwangu, nilikaa kwenye kiti chake cha kinyozi ili watu waone kwamba namwamini. Nilitoka na mikwaruzo shingo nzima. Kazini wakanitania eti nimeoa paka.

Mama alikuwa na imani moja: mkono ukitulia, mwanawe amepona. Aliuombea mkono ule kuliko alivyotuombea sisi wenyewe.

Kisha ikaja asubuhi moja. Alinifunga kitambaa, akaanza. Wembe ulipita kidevuni, ukashuka kooni, ukapanda shavuni, nami sikuusikia kabisa. Benchi zima likainua vichwa.

"Pamba karudi!" mteja mmoja alipiga kelele. Mama, aliyekuwa amepita kumletea chai, akaiweka chini akaanza kulia kwa furaha.

Nilifumbua macho. Kwenye kioo nilimwona mdogo wangu akiwa ametulia tuli, mboni zake zimesinyaa kama kichwa cha pini. Jana yake tu mkono huohuo ulikuwa umeshindwa kushika kijiko. Kutetemeka kule ndiko kulikokuwa kupigana kwake, na sasa alikuwa ameurudia unga, ameacha kupigana. Nilikata tamaa palepale kitini, watu wakishangilia.

Aliinama kana kwamba ananipangusa sikio.

"Kaka, usimwambie. Mwache afurahi leo."

Alinipaka spiriti. Hakuna mahali palipowasha. Mama akaja, akanishika mashavu yote mawili, akayapapasa polepole.

"Umeona?" aliniuliza. "Si nilikuambia?"

"Nimeona, mama," nikamjibu.